Nafasi Baada ya Neno

Machi 4

Leo nimemaliza Kiingereza. Chote. Mwenye swali aje, nipo kitini, mguu juu ya mguu.

Haya, si chote. Nimemaliza upande wa kwanza wa kaseti ya kwanza, na nusu yake nilikuwa nimesinzia. Lakini mtu akifungua daftari jipya kwa kusema alisinzia, nani atamheshimu?

Mke wangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na mimi nikamwita Mwalimu kwa kuhofia kuchapwa, alifundisha Kiingereza cha watu wazima. Si kile cha kuombana maji ya kunywa. Kile kigumu, maneno marefu yanayompa mtu kazi ya kukaa ofisini. Aliyarekodi kwenye kaseti katika chumba chetu cha nyuma, ambacho nilimpigilia trei za mayai ukutani ili sauti isirudi. Boksi la viatu limejaa kaseti hizo. Kila neno lina mwendo uleule: analitaja, anaeleza maana yake kwa Kiingereza chepesi, anatoa mfano, kisha ananyamaza ili mwanafunzi arudie. Halafu anasema, "Again." Yaani tena.

Mwalimu alituacha mvua za mwaka jana. Boksi likabaki kwangu. Mdogo wake, shemeji yangu, mkunga mstaafu mwenye macho ya kipanga, analitaka. Alipolitaja mara ya kwanza nikamwambia haiwezekani, ninasoma.

"Wewe? Unasoma nini?"

"Kiingereza."

"Shemeji, wewe uliacha shule darasa la nne kwa sababu hukupenda pua ya mwalimu."

"Ndiyo maana sasa nasoma na mwalimu asiyeonekana pua."

Alicheka, kisha akakumbuka kwamba alikuwa amekuja kugombana. "Soma basi. Mvua zikikatika nakuja kukutahini. Ukishindwa neno moja tu, nabeba boksi langu."

"Boksi lako tangu lini?"

"Langu."

Sasa uongo wangu umenigeuka, lazima nisome kweli. Mwalimu mwenyewe anaamuru mwanzoni mwa kaseti: kila neno ulitumie katika sentensi yako mwenyewe, kwa maandishi, kila siku. Ndiyo hili daftari. Hata akiwa huko alipo bado ananipa kazi ya nyumbani.

Machi 5

Mvua. Magoti.

Machi 8

Neno la leo: obstinate. Nimelitafuta kwenye kamusi yake nene. Kamusi ni kama ofisi ya serikali: unafika dirisha hili, wanakuambia nenda dirisha lile. Obstinate ikanipeleka kwa stubborn, stubborn ikanirudisha kwa obstinate, nikabaki nimesimama katikati na vyeti vyangu mkononi. Mwishowe nikaelewa. Mkaidi.

Kisha nikarudi kwenye mfano wa Mwalimu, nikaufungua neno kwa neno kama ninayechambua mchele. Anasema: "Mume wangu ni obstinate. Ukuta ukimwangukia atasema aliupaka vizuri."

Siku ile naikumbuka! Mimi ni mpaka rangi, nilikuwa nimerudi kazini, nimesimama mlangoni na brashi. Alisema maneno hayo akinitazama usoni, anatabasamu tamu kabisa. Nikamwonyesha dole gumba. Nikamwambia, "Safi sana, Mwalimu, endelea hivyohivyo."

Sentensi yangu mwenyewe: Ukuta ule niliupaka vizuri. Kilichokuwa kibovu ni ukuta.

Machi 9

Garrulous. Domo lisilo na mlango. Mfano ni mimi tena.

Machi 11

Ubiquitous. Kitu kilichopo kila mahali. Nilidhani leo nimenusurika, kumbe: "Matone ya rangi ya mume wangu ni ubiquitous. Jana niliyakuta kwenye sukari."

Mwanamke huyu alinisengenya nyumbani kwangu, mbele yangu, kwa umeme niliolipia mimi, mbele ya wanafunzi wa mji mzima. Nimecheka peke yangu hadi nikakohoa. Kisha nikageuka kumwambia.

Kiti chake kilikuwa pale pale.

Machi 12

Redio imeanza kumsemesha Mwalimu taratibu, sauti nzito kama ya kuhani. Nimeipeleka kwa fundi redio wa pale kona. Tunamwita Waya, kwa kazi yake na kwa umbo lake.

"Mzee, beliti imelegea," akasema. "Unaitumia sana?"

"Nasoma."

"Unasoma kwa masikio?"

"Macho yamechoka, fundi. Masikio yalikuwa hayana kazi."

Ametia beliti mpya. Mwalimu amerudi na sauti yake nyembamba, ile ya kupenya ukutani kama msumari.

Machi 16

Leo nimefanya jambo la aibu. Bahati nzuri hakuna aliyeniona ila kuku wa jirani.

Nilikuwa nasikiliza kaseti ya tatu, nikasikia mvua imeanza. Nikakimbia, au tuseme nilitembea kwa hasira, hadi uani kuanua nguo. Nikaanua shati, suruali, shuka. Nilipofikia soksi nikaona kivuli changu chini. Jua linawaka.

Mvua ilikuwa ndani ya kaseti. Ya mwaka gani sijui. Ilinyesha ikakauka, waliolowa nayo wengine wameshaondoka duniani, na mimi leo nimeianulia nguo.

Nimezianika tena.  

Machi 22

Linger. Kukawia mahali ambapo ulitakiwa uwe umeshaondoka. Harufu ya rangi hufanya hivyo. Fundi ameshalipwa, ameshakunja ngazi, wenye nyumba wameshahamia, lakini ukiingia chumbani unajua kuna mtu alipita na mikono yake juu ya kila ukuta.

Mwalimu mfano wake aliutoa juu ya wageni. Wangu nauona bora.

Machi 27

Leo sikurudia neno. Nilikuwa na kipande cha mkate mdomoni.

Mwalimu akalitaja, akalieleza, akatoa mfano, akanyamaza. Na katika ule unyamavu neno likarudiwa.

Si mimi. Mkate ulikuwa bado mdomoni.

Machi 28

Sijafungua redio. Nimepiga deki chumba cha nyuma, mlango wazi.

Machi 29

Nimefungua. Jibu bado lipo.

Ni mnong'ono, chini kabisa, nyuma ya mchakacho wa utepe. Nikizungumza mimi, hausikiki. Ndiyo maana sikuwahi kuusikia: kila Mwalimu aliponyamaza, mimi nilikuwa ninabweka jibu langu. Nikifunga mdomo, nafasi ile si tupu. Kuna mtu ndani yake.

Siogopi. Nimepaka rangi nyumba za watu waliokufa ndani, nimepaka vyumba ambavyo wenyewe walikataa kuingia, na sikuwahi kusikia hata chafya. Siogopi ila nimehamishia redio sebuleni.

Aprili 3

Nimegundua jambo linaloniuma kuliko woga. Huyo wa mnong'ono anapendwa.

Sikiliza. Mimi nilipokuwa hai naye, yaani yeye alipokuwa hai, Mwalimu akiniambia "tena" alisema kama anayefukuza kuku. Lakini leo mnong'ono uliteleza kwenye neno moja refu, na Mwalimu akasema "Again" kwa sauti laini kama mafuta ya nazi. Mnong'ono ukateleza tena. "Again." Laini zaidi. Akangoja. Ukapatia. Na Mwalimu akavuta pumzi, na hiyo pumzi nilijua kabisa ilikuwa tabasamu.

Nimekaa na redio mapajani hadi betri zikaisha, nikimwonea wivu kitu nisichojua kama ni mtu.

Feign. Kujifanya. Kupaka rangi ukuta wenye unyevu.

Aprili 5

Sili vizuri. Nimekonda hadi mkanda umeomba shimo jipya. Binti yangu amepiga simu, nikamwambia nasoma. Akaniuliza kama nina homa.

Aprili 7

Mvua. Mbili: ya nje na ya ndani ya kaseti. Sijishughulishi tena kujua ipi ni ipi. Nguo nimeziacha huko huko.

Aprili 11

Nina hasira, nitaandika hadi kalamu iishe.

Nilikuwa sebuleni, mvua inapiga mabati kama mtu anamwaga kokoto. Shemeji akaingia bila hodi, mwavuli unachuruzika kwenye sakafu yangu.

"Nimekuja kukutahini," akasema.

"Tulisema mvua zikikatika. Hii unaionaje, jua?"

Akanitazama mdomoni, akakunja uso. "Mvua zinaweza kungoja. Mimi siwezi."

"Una safari?"

 Akavuta kiti akakiweka mbele yangu hadi magoti yakakaribia kugusana.

"Taratibu, Shemeji," nikamwambia, "majirani watasema umekuja kurithi."

Kwa utani wa namna hiyo huwa nalipwa konzi la kichwa. Leo hakucheka wala hakunipiga. Kiburi, nikasema moyoni. Amekuja kikazi.

"Obstinate," akasema.

Nikajipiga kifua: huyu hapa, mkaidi mwenyewe. Akatikisa kichwa kukubali.

"Garrulous."

Nikafanya kiganja kama mdomo wa bata, nikakifungua na kukifumba. Akakubali. Nikaona mtihani ni mwepesi, nikaanza kuringa, nikasimama kwenda dirishani kama mtu mwenye elimu.

"Relinquish."

Hili nilijifunza juzi. Mwalimu hakutoa mfano wangu, alitoa mfano wa mama anayemwozesha binti. Nilikuwa na jibu langu mwenyewe, nimelilaza na kuliamsha. Nikalisema nikitazama mvua, kwa sauti ya chini, maana si neno la kupigia kelele: "Kuachia kitu ambacho mkono bado unakitaka."

"Sema," akasema nyuma yangu.

"Nimesema."

"Sema bwana, nangoja!"

"Nimesema! Au unataka nikuandikie kwenye paji la uso?"

"Umeshindwa."

Nilidhani anatania. Nikageuka. Alikuwa amekaa wima, mikono imeshika magoti, macho yamejaa maji, kama yeye ndiye aliyedhulumiwa.

"Nimejibu sawasawa, Shemeji. Ulikuja umeshaamua. Ulitaka boksi tu."

"Hukujibu kitu. Umenipa mgongo ukakaa kimya. Nimezalisha nusu ya watoto wa mji huu, najua mtu anapokata tamaa."

Hapo nikapandwa na hasira. Nikamsogelea uso kwa uso, nikamwambia kwa sauti yote niliyojaliwa: "Sikio la kufa halisikii dawa!"

Hilo alilisikia.

Aliinuka taratibu. Boksi lilikuwa mezani, angeweza kulichukua, mimi nisingemshika mkono. Hakuligusa. Aliokota mwavuli akatoka, na nje, kwenye mvua ile, hakuufungua.

Aprili 12

Nilijibu sawasawa.

Aprili 13

Nilijibu sawasawa. Kamusi ipo, aje aone.

Aprili 15

Kwa nini hakuufungua mwavuli?

Aprili 18

Nimekwenda kwa Waya na redio kwapani.

"Fundi, redio yangu ina shetani."

"Wa upande gani, Mzee? Kushoto au kulia?"

"Usinicheke. Kila Mwalimu akinyamaza kuna mtu anaongea."

Akaacha kucheka. Akachukua pamba, akaitia spiriti, akasafisha kale kachuma kanakosoma utepe. Pamba ikatoka nyeusi kama sufuria ya chai. Akatafuta hedifoni zenye sponji, akaniziba masikio nazo, akabonyeza.

Sijui niandikeje. Kwa wiki zote hizi nilikuwa nachungulia chumba kile kwenye tundu la ufunguo, na sasa mlango umefunguliwa. Nikasikia kiti kinasogezwa. Nikasikia kijiko kwenye kikombe. Mwalimu akasema neno, akalieleza, akatoa mfano wake kuhusu mume wake, na kabla ya nafasi kufika nikasikia mtu mwingine anazuia kicheko kwa pua. Kisha neno likarudiwa, wazi, na sauti changa ya kike. Likakosewa. "Again." Likakosewa tena, na ile sauti ikasema kwa Kiswahili, "Dada, pole pole basi, ulimi wangu si wa mpira."

Dada.

Nikavua hedifoni. Nikazivaa tena.

Siku zile Shemeji alikuwa anataka kuingia chuo cha ukunga, na usaili ulikuwa wa Kiingereza. Alikuwa anakuja kwetu kila siku, nami nikirudi kazini namkuta jikoni anakunywa chai yangu. Nikadhani anakuja kwa ajili ya chai. Kaseti hizi wanafunzi wengine walizikuta zimeshatengenezwa. Alitengenezewa yeye. Ile nafasi baada ya neno ilipimwa kwa pumzi yake.

Na walikuwa wananicheka, hao wawili. Walikuwa wananicheka vizuri sana.

Waya alikuwa ameegemeza sikio lake kwenye hedifoni kwa upande wangu. "Sauti hii ni ya yule mama mkunga," akasema. "Hata kucheka ni kulekule, kwa pua."

"Unamjuaje?"

"Si aliniletea kile kifaa chake cha sikioni, kabla mvua hazijaanza. Nikakifungua, nikakipima, nikamwambia mama, kifaa ni kizima. Akaniambia, 'Basi mbovu ni mimi.'"

Sikusema kitu. Mimi, garrulous.

"Sikio moja limekwisha, Mzee, la pili daktari amempa mwaka huu tu. Hataki watu wajue, anasoma midomo. Akaniuliza kama nina spika kubwa kuliko hizi. Nikamwuliza, unataka kusikiliza nini na spika ya harusi? Akasema, 'Sauti ya dada yangu. Iko kwa shemeji yangu, ila bado anasoma.'"

Waya hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anarudisha skrubu.

Bado anasoma.

Mvua ilikuwa kwenye mabati siku ile. Mimi nilikuwa nimempa mgongo, natazama dirishani, nasema neno zuri kwa sauti ya chini. Na nilipomgeukia, neno la kwanza alilolipata kamili kutoka mdomoni kwangu lilikuwa lile la sikio.

Kesho, hata mvua inyeshe misumari.

Aprili 19

Nimefunga boksi kwa nailoni, redio nikaifunga kwa koti langu, mimi nikabaki kwa mvua. Anakaa juu ya mteremko, nyumba yenye mlango niliopaka mwenyewe, kijani cha maji. Rangi bado imeshika.

Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena. Nikamwona dirishani, amenipa mgongo, anakunja nguo kwa utulivu wa mtu anayekuadhibu. Damu ikaanza kuchemka, kisha nikakumbuka. Nimeishi miaka mingi duniani na leo ndiyo mara ya kwanza hasira kunitoka kwa aibu kabla haijafika mdomoni.

Nikasukuma mlango, nikazunguka hadi mbele yake. Akaruka, akanipiga na taulo.

"Mwendawazimu! Unaingia nyumba za wajane kama paka?"

"Mjane mwenzako, Shemeji!" nikapiga kelele.

Akatulia. Akanitazama jinsi nilivyofungua kinywa. Akaelewa kwamba najua. Uso wake ukapita mahali pabaya, kisha ukarudi.

"Ni yule fundi," akasema. "Mdomo wake umelegea kuliko beliti zake."

Nikaweka boksi mezani. Sikutoa hotuba. Nikaweka redio, nikatia kaseti ile ya kicheko, nikapandisha sauti hadi mwisho, madirisha yakatetemeka. Akapiga magoti, Shemeji na umri wake, akaweka sikio lililobaki juu ya spika. Mkono mmoja akaushika ubavu wa redio kama anavyoshika tumbo la mama anayekaribia kujifungua.

Nikangoja.

"Inatetemeka," akasema. "Najua anaongea. Naisikia mvua. Yeye simsikii."

Nikazungusha kitufe cha kupunguza ukali wa sauti. Nikabadilisha kaseti. Nikabadilisha tena.

"Acha, Shemeji," akasema. Hakulia. Laiti angelia. "Sauti ya dada ilikuwa nyembamba. Nyembamba ndizo zilizotangulia kuondoka. Ndege nao sijawasikia tangu mwaka jana. Wewe nakusikia kidogo. Wewe una sauti ya pipa linaloviringishwa."

Wiki sita ndizo nilizolishikilia boksi. Wiki sita huenda zingetosha, huenda zisingetosha. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujiuliza kwa sauti.

Kisha Mwalimu ndani ya redio akasema, "Obstinate," na mdomo wangu ukajibu kabla yangu.

Nikamwinamia sikioni, nikanguruma: "OBSTINATE!"

Akashtuka, akanigeukia.

Nikampa maana, kwa Kiingereza, yote, kama Mwalimu anavyoitoa, na pale anapovuta pumzi nikavuta pumzi. Kumbe nilikuwa nayo kichwani neno kwa neno, nimeisikiliza hadi imeingia kwenye mifupa. Nikatoa mfano, nikitangazia mteremko mzima kwa sauti ya pipa kwamba mume wangu ni mkaidi, ukuta ukimwangukia atasema aliupaka vizuri. Mtu aliyekuwa anapita nje na punda wake alisimama kusikiliza.

Halafu nikanyamaza.

Nafasi ile ikafika. Redioni ule mnong'ono, msichana wa miaka ile, ukalirudia neno. Na kikongwe aliyepiga magoti mbele yangu, asiyesikia kitu, akalirudia hapo hapo, sekunde ileile, kwa kosa lilelile. Nywele zikanisimama. Walikuwa watu wawili na alikuwa mtu mmoja. Nikatazama nyuma yangu, sioni aibu kukiri, maana nilihisi kuna mtu wa tatu amesimama mlangoni.

"Again," akasema Mwalimu.

"AGAIN!" nikasema mimi. Nilijaribu kulisema laini kama mafuta ya nazi. Kulinguruma laini ni kazi, lakini mtu wa brashi anajua namna ya kukandamiza bila kuumiza ukuta.

Akalirudia. Akalipatia. Nikavuta pumzi ile, ya tabasamu.

"Alikuwa anasema hivyohivyo," akasema, macho ameyafumba. "Alikuwa anavuta pumzi hivyohivyo. Umejulia wapi?"

"Nilikuwa nasoma," nikamwambia.

Tukafika garrulous, tukafika ubiquitous. Kwenye ile ya sukari alicheka kwa pua kabla sijamaliza, kama alivyocheka ndani ya kaseti.

Aprili 20

Sauti imenikauka. Nanong'ona kama kaseti. Boksi nimeliacha kwake, na redio.

Chumba cha nyuma kimenyamaza. Nimekaa humo kidogo, trei za mayai pande zote. Nilisema neno moja kwa sauti, nikangoja. Hakuna aliyejibu. Nikafunga mlango taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha.

Aprili 22

Nimepanda tena mteremko. Kaseti ya pili yote. Punda yule alikuwepo.

Aprili 24

Shemeji, ukurasa huu ni wako, na nakuletea daftari lote, maana koo langu daktari wangu, yaani Waya, amelipiga marufuku hadi wiki ijayo. Soma kuanzia mwanzo. Ukikuta kipanga, pita haraka. Ukifika Aprili kumi na moja, nenda pole pole, jibu langu la relinquish lipo hapo kwa wino.

Sitakuandikia kwamba sikio lako litapona. Wewe umewaambia wanawake wengi ukweli kuliko mimi. Lakini siku hilo la pili nalo likienda, mwendo hautabadilika: nitaliandika neno, nitaandika maana yake, nitaandika ubaya wa mume, nitakuachia mstari mtupu. Wewe utajaza. Ukikosea nitaandika again, kwa herufi ndogo. Tutamaliza boksi hata kama itabidi kila neno nikupakie ukutani kwa rangi ya mafuta.

Jumapili nitakuja na kaseti ya nne kichwani, ile niliyoichukua kwako juzi, nimeshaazima redio ya Waya ili niisikilize tena. Sidai malipo. Ila juzi, nilipokuwa nahangaika kusoma vibandiko vya kaseti, uliniambia nyusi zangu zimekuwa ufagio na kwamba utanipunguzia, kisha tukaingia kwenye kucheka ukasahau. Sikusahau. Naandika haya kwa kuchungulia kama mtu aliye nyuma ya kichaka. Tafadhali Jumapili uwe na mkasi mdogo, mkali, na uwe umeupasha moto kidogo mikononi kwanza, kwa kuwa mimi chuma baridi usoni siwezi.